Bwana Asiyetajwa

Katika ukumbi wa taarabu, mwenye wimbo si mwimbaji. Mwimbaji kasimama na kipaza sauti, ubeti wa kwanza umekwisha, na macho ya watu yanasubiri kuona nani atainuka. Anainuka mwanamke mmoja, noti kaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa, anavuta hatua kwa kufuata ngoma. Haendi jukwaani moja kwa moja. Anapitia meza za kando, na mwimbaji anapofika kwenye neno linalochoma, yeye yuko mbele ya meza fulani, kapunguza mwendo, kageuza shingo kidogo, katabasamu. Kisha huyo, anakwenda kutuza. Aliyekaa kwenye meza ile kaupata ujumbe. Waliokaa jirani nao wameupata, na kesho asubuhi mtaa mzima utajua kwamba wimbo uliokuwa wa redio sasa una mwenyewe na una mlengwa.

Kutuza kwa namna hii ni kuununua wimbo kwa dakika chache. Mlengwa naye ana haki ya kujibu: anaweza kuinuka kwa ubeti uleule, na noti mbili badala ya moja, akaurudisha ulikotoka. Mashoga wa huku na wa kule hujiunga, watuzaji wakawa makundi mawili, na kiongozi wa bendi anayeijua kazi yake huukata wimbo kabla kanga hazijafungwa viunoni. Hakuna aliyemtaja mtu. Ukimfikisha mtuzaji mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, atasema alipendezwa na sauti ya mwimbaji tu.

Nyimbo hizi zimejaa watu. Kuna mwenye kijicho, kuna aliyeachwa akabaki kuchungulia dirishani, kuna anayejipendekeza, kuna mwenye mdomo usio na kizuizi, kuna aliyejaribu dawa za waganga akashindwa. Bwana wanayemgombania humkuti. Akitajwa, hutajwa kama kitu kinachomilikiwa, chenye mwenyewe na chenye mwizi wake. Hasemi, haulizwi, halaumiwi. Nimesikiliza taarabu za miaka mingi nikimtafuta, na kila nikisogea karibu na wakati wetu ndivyo anavyozidi kufifia.

Si kwamba ilianza hivyo. Taarabu ilipoingia Unguja haikuwa na mke mwenza ndani yake. Masimulizi ya Zanzibar yanampa sifa ya kuileta Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888: inasemekana alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Misri kujifunza kupiga kanuni, na aliporudi akawa mtumbuizaji wa kasri. Mwaka 1905 watu wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, klabu iliyo hai hadi leo. Walikuwa wanaume watupu, wakiimba kwa Kiarabu, na habari waliyoiimba ilikuwa ya mwenye kupenda na anayependwa. Kama alikuwapo mtu wa tatu, basi ni hasidi: yule mlaumu na mfitini wa ushairi wa Kiarabu, asiye na sura wala mtaa, ambaye kazi yake ni kuwakera wapendanao. Hasidi wa aina hiyo hamtaki mpenzi wako. Anachotaka ni wewe usipendwe.

Huyu mtu wa tatu ndiye wa kumfuatilia. Kwa muda wa karne moja hivi alitoka Mji Mkongwe akavuka kwenda mitaa ya Ng'ambo, akavaa kanga, akapata umri na umbo, akawa mke mwenza, akawa jirani, mwishowe akapanda jukwaani na kushika kipaza sauti mwenyewe.

Aliyemvusha ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, mnamo 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akawa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, kisha akahamia mjini mwaka 1911. Muhsin Ali wa Ikhwani Safaa alimsikia akamfundisha kuimba. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake, wakiwamo Subeti Ambari na Mbaruku, walisafiri kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri za kampuni ya HMV, na sauti yake ikaingia katika nyumba na mikahawa ya pwani yote. Kubwa alilolifanya ni kuimba kwa Kiswahili mambo yaliyotokea mtaani wiki ileile.

Na mtaa wenyewe ulikuwa na mambo. Ng'ambo ilijaa watu waliotoka utumwani karibuni. Amri ya 1897 ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba haikuwaachia huru masuria, kwa hoja kwamba wao walikuwa kama wake. Ilibidi wasubiri hadi 1909. Kwa hiyo mwanamke wa makamo wa Ng'ambo miaka ya 1920 angeweza kuwa alikulia katika nyumba yenye mke wa ndoa sebuleni na suria uani, wote wawili wakimsikilizia bwana mmoja anaingia mlango gani. Ustadi wa kusema bila kusema aliupata utotoni.

Siti alipopanda chati, wapinzani wake walimtungia wimbo wa kejeli: walimkumbusha alikotoka, umaskini wake na sura yake, wakauliza tangu lini naye akawa mtu. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, anaonyesha kwamba mama huyo hakwenda kupigana wala hakunyamaza. Alijibu kwa wimbo, na jibu lake likaonyesha kwamba uzuri wa mtu haukai usoni. Kejeli ile ingali inakumbukwa kwa sababu ya jibu lake, na sheria ya mchezo ikawekwa hapo: anayetukanwa kwa wimbo hujibu kwa wimbo, na anayejibu kwa maneno makavu kashindwa.

Lakini Siti alifanya jambo jingine ambalo waliomfuata wengi hawakulifanya. Alimtaja mwanamume. Wimbo wake maarufu wa Kijiti umebeba jina la mtu aliyemuua mwanamke kisha akatoroka, huku mahakama ikiishia kuwaadhibu wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Hapo hakuna fumbo la paka na panya. Jina liko wazi, kosa liko wazi, na hasira inaelekezwa kwa mwenye kosa na kwa hakimu wake. Ningependa kusema kwamba taarabu iliendelea na njia hiyo. Haikuendelea.

Sababu mojawapo ni kwamba Siti hakuwa peke yake. Pembeni ya taarabu palikuwa na ngoma za wanawake, na huko vita vilikuwa na taratibu zake za zamani. Mombasa palikuwa na lelemama. Ni ngoma ya kusimama kwa mistari, ya viganja na shingo, isiyo na haraka. Asiyeijua ataiona ya upole. Vyama vyake havikuwa vya upole hata kidogo. Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na vyeo, sare, karamu za kushindana na nyimbo za kuanika aibu za upande wa pili. Margaret Strobel, mwanahistoria Mmarekani aliyewahoji wanawake wazee wa Mombasa miaka ya 1970, alikuta kumbukumbu za mashindano hayo bado zina moto, ingawa ngoma yenyewe ilikuwa imekwisha kupoa. Palikuwa na vugo pia, maandamano ya harusi ya wanawake wakigonga pembe na kuimba, na mle njiani kila nyumba iliyokuwa na la kuimbiwa iliimbiwa.

Unguja nako, kufikia katikati ya karne ya 20, wanawake walikuwa na vilabu vyao vya taarabu. Vingine vilijipa majina ya majeshi ya Mwingereza, Royal Navy na Royal Air Force, jambo ambalo sioni kama lilikuwa bahati mbaya. Baadaye majina yaliyosikika zaidi yakawa Nuru el-Uyuni na Sahib el-Arry, na kila moja lilipotoa wimbo lingine lilikaa kuutafutia jibu. Wapigaji wa ala mara nyingi walikuwa wanaume waliokodiwa kutoka vilabu vikubwa. Waimbaji, wacheza na wenye habari walikuwa wanawake, na hadhira yao ilikuwa wanawake wenzao.

Mtu akiuliza kwa nini uhasama wa vilabu uligeuka kuwa uhasama wa mapenzi, jibu liko kwenye ramani ya ndoa za mjini. Talaka zilikuwa nyingi, ndoa ya pili na ya tatu jambo la kawaida, na mji ulikuwa mdogo. Mwanamke wa klabu hii angeweza kuwa mtalaka wa bwana ambaye sasa ana mke katika klabu ile, na mdogo wake akawa mke mwenza wa katibu wao. Mistari ya lelemama na mistari ya ukewenza ilikatana kila mahali. Ukiimba kuhusu klabu pinzani, tayari umeimba kuhusu nyumba ya mtu.

Umbo la wimbo lilisaidia. Wimbo wa taarabu wa kawaida una mishororo mitatu kwa ubeti, kila mshororo vipande viwili, mizani nane kwa nane, na vina vinavyofunga katikati na mwisho. Nafasi ni finyu. Hapana pa kueleza kisa, pana pa kudokeza tu. Kwa hiyo mtunzi huchukua embe bovu, kisima kilichokauka, chungu kilichoungua, jogoo wa jirani, akamwachia msikilizaji ajaze. Na kwa kuwa viambishi vyetu havimtofautishi mwanamume na mwanamke, wimbo mmoja unaweza kuimbwa na mke kwa kimada leo na kimada kwa mke kesho bila kubadilishwa silabi. Mapokeo haya ya kurushiana mafumbo ni ya kale kuliko taarabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, aliishi kwa kujibizana mashairi, ya siasa kwa ya nyumbani.

Kanga ilikuwa klabu ya asiye na klabu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, maneno yalipoanza kuchapwa kwenye pindo, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye alama ya Mali ya Abdulla, likajulikana kwayo, mwanamke yeyote mwenye fedha ya doti moja angeweza kutembea mbele ya mlango wa mbaya wake akiwa amevaa jibu. Watunzi waliokota nyimbo kwenye kanga, na wachapaji wa kanga wakaokota majina kwenye nyimbo zilizovuma. Hadi leo ni vigumu kujua nani alimwibia nani.

Lakini kwa nini mwanamke amwimbie mwanamke mwenzake? Kwa nini si bwana, ambaye ndiye aliyevunja ahadi? Watu hupenda kujibu kwamba wanawake hawapendani, na wanaojibu hivyo huwa hawajatazama nani alikuwa na uwezo gani ndani ya nyumba. Bwana alikuwa na talaka mdomoni. Alikuwa na ruhusa ya kuoa hadi wake wanne. Nyumba ya mke, chakula chake, zamu yake, vyote vilitoka kwa bwana na angeweza kuvihamishia kwingine. Kumwimbia yeye kejeli hadharani ni kuhatarisha paa. Mke mwenza hakuwa na paa la kukunyang'anya, alikuwa na nafasi tu, na nafasi hugombaniwa. Wimbo ulimpiga aliyeweza kupigwa.

Sheria ya serikali nayo haikuwa mbali sana na wimbo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ilifanya mengi: iliipeleka talaka mahakamani kupitia baraza la usuluhishi, ikataka ndoa itambulike mapema kama ni ya mke mmoja au ya wake zaidi, na ikampa mke aliyepo nafasi ya kupinga bwana asiongeze. Lakini katika kifungu cha 72 ikampa mwenye ndoa, mume au mke, haki ya kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Ukikisoma kifungu hicho ukiwa umetoka ukumbini utacheka. Mdaiwa ni yuleyule wa kwenye wimbo: mtu wa tatu.

Wanaume, waliposhika kipaza sauti, waliimba vingine. Juma Bhalo wa Mombasa, pamoja na binamu yake mshairi Ahmad Nassir, aliimba maumivu kwa sauti iliyofuata mahadhi ya Kihindi, akimlalamikia mpenzi aliyemwacha au dunia iliyomgeuka. Waimbaji wa dansi wa Dar es Salaam, kutoka NUTA Jazz hadi Mlimani Park, walimsuta mwanamke aliyefuata mwenye fedha. Mwanamume mwimbaji akiibiwa mpenzi humlaumu mpenzi. Mwanamke mwimbaji akiibiwa humlaumu mwizi.

Katikati palikuwa na Tanga, na Tanga inastahili sifa yake peke yake. Black Star Musical Club, iliyotamba miaka ya 1960, na Lucky Star iliyofuata, ziliweka magitaa na mwendo wa dansi kwenye taarabu, zikapunguza ala za Kiarabu, na zikamleta Bi Shakila Saidi. Sauti yake haikuwa ya kupasha mtu. Ilikuwa ya mtu anayeujua msiba wa mapenzi na hana haja ya kumtafutia mkosaji. Alifariki Agosti 2016, na kwa maoni yangu hakuna mwimbaji wa bara aliyemkaribia kwa kuimba wivu bila kumtukana mtu. Ajabu ni kwamba muziki wake wa kuchezeka ndio uliofungua mlango kwa waliokuja kutukana: taarabu ilipokuwa ya kukaa na kusikiliza, hapakuwa na njia ya kupita mbele ya meza ya mbaya wako kwa madaha.

Mwaka 1992 Tanzania iliruhusu vyama vingi, na mwaka huohuo CCM ikawa na kikundi kipya cha sanaa, Tanzania One Theatre (TOT), kikiongozwa na Kapteni John Komba. Kazi yake ilikuwa kukitangaza chama mbele ya umati. Mpinzani wake jijini Dar es Salaam alikuwa Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga. Vikundi hivi vilifanya maonyesho ya mchanganyiko: ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho, kwaya, na taarabu ikiwa kipande kimojawapo. Haikuchukua muda, taarabu ikavimeza vingine vyote. Watu walikuwa wakikaa kwenye sarakasi kwa uvumilivu, wakisubiri wanawake wawili.

Upande wa TOT alikuwa Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar pamoja na Othman Soud. Upande wa Muungano alikuwa Nasma Khamis. Kikundi kimoja kikitoa wimbo, kingine kilirudi na jibu, na mashabiki waligawanyika kama wale wa Simba na Yanga. Tofauti kubwa na lelemama ni kwamba sasa mpinzani alikuwa na jina, sura na kanda yake mwenyewe sokoni. Hasidi wa kasri la Barghash alikuwa amepata mwili. Maneno yaliyoimbwa yalikuwa bado ya mume wa mtu na mke wa mtu, lakini kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba anayeimbiwa ni mwimbaji wa kikundi cha pili, kuhusu umbo lake, umri wake na kuhamahama kwake. Bwana katika nyimbo hizi hakuwa hata amefichwa. Hakuwapo kabisa. Kilichogombaniwa kilikuwa ukumbi.

Chukua TX Mpenzi ya Khadija Kopa. Herufi TX zilikuwa kwenye namba za magari ya wataalamu wa kigeni, na mtaani zikawa na maana ya mtu wa daraja la juu asiyetozwa kodi. Huo ndio ulikuwa wakati wa mageuzi na biashara huria: vitu vya nje vimejaa, mishahara haitoshi, na mpenzi anasifiwa kwa namba ya gari. Mombasa nako mwimbaji Malika alikuwa amevuma na Vidonge, wimbo ulioimbwa na makundi mengi ya pwani hadi mtu akasahau nani alitangulia. ITV na Radio One zilianza 1994, na mipasho, yaani nyimbo hizi za kurushiana maneno, ikaingia sebuleni kwa watu ambao kamwe wasingekanyaga ukumbini.

Hapo wazee wakaanza kulalamika, na hawajaacha. Wanasema taarabu ya zamani ilikuwa na staha na hii ya sasa ni matusi. Nawaheshimu, lakini wanaosema hivyo wanaikumbuka Ikhwani Safaa na wanaisahau lelemama. Matusi yalikuwapo siku zote. Yalikuwa upande wa wanawake, ambako wao hawakualikwa. Kilichobadilika miaka ya 1990 ni kwamba upande ule ulipata umeme.

Na jambo moja huwa halisemwi kwenye malalamiko hayo: kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Nyingi ya nyimbo ambazo mwanamke alimchamba mwanamke mwenzake zilitungwa na wanaume. Katika vilabu vya zamani mtunzi alikuwa mzee wa ushairi anayefuatwa nyumbani kwake. Mteja alieleza kisa chake, majina yakaachwa mlangoni, na baada ya siku akachukua beti zake. Katika vikundi vya Dar es Salaam watunzi wakubwa walikuwa viongozi na wapigaji wa kikundi, wanaume tena. Bwana tuliyemtafuta katika wimbo bila kumpata alikuwa nyuma ya jukwaa muda wote, akihesabu mizani, na wakati mwingine akihesabu viingilio.

Kinanda cha umeme ndicho kilichomaliza kazi iliyoanzwa na gitaa la Tanga. East African Melody, kundi la miaka ya 1990, lilionyesha kwamba vinanda viwili vya umeme, gitaa na sauti nzuri vinatosha kuujaza ukumbi ambao zamani ungetaka fidla sita, kanuni na nai. Muziki huo ukaitwa rusha roho, na jina lenyewe linaeleza kazi yake: kumrusha roho mwenzako. Gharama ikashuka, makundi yakaongezeka, na hoteli ya Travertine, Magomeni, ikawa mahali pa kwenda kurushwa roho mwishoni mwa wiki. Kitchen party zikachukua mipasho, kisha ngoma za mtaani za vigodoro zikaichukua tena na kuipeleka kasi.

Mzee Yusuf alipounda Jahazi Modern Taarab katikati ya miaka ya 2000, jambo la ajabu kidogo likatokea. Mwanamume alisimama mbele mwenyewe, akaimba mapenzi kwa sauti laini, akajiita mfalme wa taarabu, na wanawake wakainuka kumtuza. Hatimaye bwana kasema, mtu angedhani. Lakini sikiliza alichosema: alisifu mapenzi, alibembeleza, alijigamba kwamba anapendwa. Masuala ya nani kamwibia nani aliwaachia waimbaji wanawake wa kundi lake, akiwatungia yeye. Mmojawao, Isha Mashauzi, alitoka na kuunda Mashauzi Classic, na kwa muda Dar es Salaam ikawa tena na pande mbili. Mwaka 2016 Mzee Yusuf alitangaza kuacha muziki kwa ajili ya dini, ingawa baadaye alirudi.

Siku hizi mahali pa mipasho pamehamia kwenye simu. Mwanamke anakata sekunde 30 za wimbo, zile zenye neno lake, anaziweka kwenye status usiku, na asubuhi anafungua kuona nani katazama. Hii ni kazi ya kanga na ya noti kwa pamoja, na ina faida ambayo pindo la kanga halikuwa nayo: orodha ya waliosoma. Jibu huja kabla ya saa sita mchana, kwa wimbo mwingine, mara nyingi wa mwimbaji yuleyule.

Wasanii wa bongo fleva wamechukua njia nyingine. Wimbo wao wa mapenzi kwa kawaida una watu wawili, mimi na wewe, na mwanamke anayeimba humkabili mwanamume mwenyewe: umenidanganya, rudi, nenda. Mke mwenza hana beti zake humo. Mwaka 2020 lebo ya Wasafi ilimtambulisha Zuhura Othman, anayejulikana kama Zuchu, binti wa Khadija Kopa na Othman Soud, mtoto wa ukumbi uleule uliogawanya jiji. Katika nyimbo zake za kwanza ulikuwamo Mauzauza, na aliyeshirikishwa humo ni mama yake. Mipasho yenyewe Zuchu hakuihitaji ili avume. Khadija Kopa bado hualikwa kwenye maharusi kuiimba, na malipo ya ukumbi huo, kama ilivyokuwa tangu enzi za Nuru el-Uyuni, hutoka mikobani mwa wanawake.